Mahali pa Kuchomea Bambo

Watu wa nafaka wanakijua chombo hiki: kibomba cha chuma, ncha yake kali, tumbo lake wazi. Ukikichoma kwenye gunia, punje huteremka hadi kiganjani bila gunia kufunguliwa. Kinaitwa bambo. Mnunuzi wa mahindi huchoma, hutazama rangi, huuma punje moja kusikia kama imekauka, ndipo hutaja bei. Gunia la kilo mia linahukumiwa kwa konzi moja. Na kila muuzaji mjanja anajua kwamba mnunuzi mvivu huchoma pale mkono wake unapofika bila kujinyoosha, kwa hiyo hapo ndipo anapopanga mahindi mazuri.

Tarehe 30 Juni ya mwaka mmoja nilishinda ndani ya ghala la nafaka kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, nikimfuata dada mmoja, mkaguzi wa hesabu. Kampuni ilinikubalia kwa sharti la kutoitaja. Mkaguzi mwenyewe alinikubalia kwa sharti la kutomsemesha akiwa anahesabu. Ilikuwa siku ya kufunga mwaka, siku ambayo mali yote iliyomo ghalani huhesabiwa gunia kwa gunia ili idadi ipatikane ya kuingia kwenye mizania. Alifika saa moja asubuhi, mtunza stoo akiwa bado anafungua makufuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo tumeletewa polisi?"

"Polisi wana risasi, mzee. Mimi nina kalamu ya risasi."

Makuli waliokuwa wamekaa karibu na mizani wakinywa chai waliangua kicheko. Mzee alitabasamu kidogo tu. Kwake yeye, na kwa wengi wetu, mtu anayeingia na karatasi kutazama mali ya watu amekuja kumtafuta mwizi. Mkaguzi mwenyewe, ukimwuliza, atakwambia amekuja kwa jambo jingine kabisa. Wenye taaluma wanalo jina la umbali ulioko kati ya majibu hayo mawili. Wanauita pengo la matarajio, wanaujadili tangu miaka ya 1970, na kila kampuni kubwa inapoanguka mjadala huanza upya kana kwamba ni mgeni.

Mimi niliuona umbali huo kabla sijaujua kwa jina. Ilikuwa katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, ambapo mwaka uliotangulia tulisomewa maoni ya mkaguzi tukapiga makofi, na mwaka huo mhazini alikuwa hapatikani kwa simu wala nyumbani. Mwalimu mmoja mstaafu alisimama, akavua miwani, akasema: "Mlitwambia hesabu ni safi. Hela zetu ziko wapi?" Mezani pale alijibiwa maneno mengi, na hakuna hata moja lililomfikia.

Nadhani neno *safi* lina lawama yake. Kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapotoka magazeti hutuhesabia nani kapata hati safi na nani kapata hati yenye shaka, nasi tunasikia usafi ule wa shati lililofuliwa na roho isiyo na deni. Mkaguzi hasemi hivyo. Anachosema ni kwamba taarifa hizi za fedha, zikichukuliwa kwa ujumla wake, hazina kosa kubwa kiasi cha kumpotosha mtu anayezitegemea. Ndiyo maana, hata kama inaudhi kusikia, kampuni iliyoibiwa shilingi milioni 40 inaweza kupata hati safi kwa haki kabisa. Ikiwa wizi umegundulika, umeandikwa kuwa hasara na umeelezwa ulivyo, hesabu zinasema kweli. Zingekuwa chafu kama milioni 40 zile bado zingeandikwa kana kwamba ziko benki.

Lakini sikwenda ghalani kuwatetea wakaguzi. Nilitaka kuona mikono yao inafanya nini.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mkaguzi yule hakuwa akihesabu kila kitu. Waliokuwa wakihesabu ni wafanyakazi wa kampuni, wawili wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika, na kila lundo lililokwisha likiwekewa alama ya chaki lisije likahesabiwa mara mbili. Yeye aliwatazama. Alitazama kama mtajaji anagusa gunia au anakisia kwa macho. Alitazama kama mwandishi anaandika palepale au anakumbuka baadaye. Kisha, bila kumwambia mtu analolitaka, alichagua malundo machache akayahesabu mwenyewe.

Namna alivyochagua ndiyo ufundi wenyewe. Baadhi aliyatoa kwenye orodha: aliona imeandikwa lundo namba fulani, magunia 240 ya mchele, akalifuata lilipo. Mengine aliyatoa sakafuni: aliona lundo, akalihesabu, kisha akalitafuta kwenye orodha. Nilidhani ni jambo moja linalofanywa kwa njia mbili, hadi aliponieleza wakati wa chakula. Ukianzia kwenye orodha, unayakamata magunia hewa, yaliyoandikwa na hayapo. Ukianzia sakafuni, unayakamata yaliyopo na hayakuandikwa. Mwizi wa aina ya kwanza anataka kampuni ionekane tajiri. Wa aina ya pili anataka mali isiyo na karatasi, ambayo usiku mmoja itatoka getini bila kuuliziwa. Mkaguzi anayekwenda upande mmoja tu amemwachia mlango mmojawapo.

Lundo la tatu lilikuwa kubwa, kumi kwa nane, urefu wa magunia kumi na mawili. Karani wa kampuni alikuwa amezidisha na kuandika. Dada yule aliomba ngazi, akapanda juu, akatembea katikati ya lundo akikanyaga kwa kisigino. Kisha aliomba gunia la katikati litolewe. Makuli waliguna. Kulitoa gunia la katikati kunamaanisha kushusha kumi, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Lakini lundo linaweza kujengwa kama chumba, kuta nne za magunia na dari ya magunia, ndani hewa tupu, na kuzidisha urefu kwa upana hakutakwambia. Likatolewa. Alichoma bambo upande wa chini uliokuwa umelaliwa. Yakatoka mahindi, ya kawaida, makavu. Akaandika, akashuka.

Sikumbuki kumwona akionyesha kuvunjika moyo kwa kutokuta kitu. Sisi watu wa habari tungevunjika.

Saa kumi jioni lori liliingia na shehena ya mahindi. Hapo akaacha kila kitu akaenda getini. Alinakili namba ya hati ya mwisho ya kupokea mzigo na namba ya hati ya mwisho ya kutoa mzigo, basi. Kazi ya dakika tatu, na kwa macho yangu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote za siku ile. Fikiria mzigo wa lori lile ukihesabiwa ghalani leo tarehe 30, halafu ankara ya aliyeuuza ikaandikwa kwenye vitabu kesho, tarehe 1 Julai. Kampuni itakuwa na mali ambayo haijaonekana kuinunua, na faida ya mwaka itapanda kwa thamani ya lori zima. Hakuna aliyeiba hata punje, hakuna karatasi ya kughushi, kila hati ni ya kweli. Uongo umo kwenye usiku mmoja kati ya hati mbili. Majuma kadhaa baadaye, ofisini, mtu mwenye zile namba mbili ataukuta. Asiyenazo hataukuta kamwe.

Zamani wakaguzi hawakuwa wakilazimika kufika ghalani. Mwaka 1896 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Kingston Cotton Mill, kampuni ya kiwanda cha pamba. Meneja, Jackson, alikuwa kwa miaka kadhaa akiandika pamba na nyuzi kwa kiasi na thamani isiyokuwapo, na wakaguzi wakazipokea tarakimu zake za stoo kama alivyozitia sahihi. Kampuni ilipoanguka, jaji wa kwanza aliona wakaguzi wanawajibika. Rufani ikawaondolea lawama. Ni katika kesi hiyo Jaji Lopes alipotoa mfano ambao wanafunzi wa uhasibu wanaukariri hadi leo, kwamba mkaguzi ni mbwa wa kulinda nyumba, si mbwa wa kunusa nyayo. Mtu akiaminiwa na kampuni yake, na hakuna la kumtilia shaka, mkaguzi naye anaruhusiwa kumwamini.

Kuna kipande kingine cha hukumu hiyo ambacho hakikaririwi sana. Jaji Lindley alikiri kwamba kama wakaguzi wangechukua mali ya mwanzo wa mwaka, wakaongeza iliyonunuliwa, wakatoa iliyouzwa, wangeona kwamba stoo iliyoandikwa mwisho wa mwaka ni ya ajabu kiasi cha kudai maelezo. Kila Mangi mwenye duka la mtaani hufanya hesabu hiyo kichwani anapofunga mlango. Mahakama iliona kwamba hawakuwa na wajibu wa kuifanya. Kisheria pengine ilikuwa sawa kwa wakati wake, lakini nikiisoma nasikia sauti ya yule mwalimu mstaafu.

Wajibu wa kwenda ghalani ulikuja baadaye, na aliyeuleta ni tapeli. Philip Musica wa New York alianza maisha ya uhalifu kwenye mizani: familia yake iliagiza jibini kutoka Italia, ikawahonga wapimaji wa forodha ili uzito uandikwe pungufu. Baadaye akaingia kwenye biashara ya nywele za binadamu, akikopa benki kwa maboksi ambayo ndani yalikuwa na takataka za nywele zisizo na bei. Alifungwa, akatoka, akabadili jina. Kufikia mwaka 1926 alikuwa anaitwa F. Donald Coster, bwana mkubwa, na akainunua McKesson & Robbins, kampuni ya dawa yenye jina la kuheshimika.

Ndani ya kampuni hiyo akajenga idara ya dawa ghafi iliyokuwa na maghala Kanada. Maghala hayakuwapo. Dawa hazikuwapo. Wauzaji waliotajwa kwenye ankara, wanunuzi waliotajwa kwenye stakabadhi, wote walikuwa karatasi zilizopigwa chapa na ndugu zake wa tumbo moja, nao kwa majina ya bandia. Wakaguzi walikuja kila mwaka, Price Waterhouse, watu wasio wavivu, wakalinganisha ankara na leja, leja na mizania, na kila kitu kikaoana. Kilioana kwa sababu mtu mmoja ndiye aliyeziandika pande zote mbili. Hakuna aliyepanda gari kwenda Kanada kugusa boksi, kwa kuwa desturi ya taaluma haikudai hivyo. Ukweli ulipotoka mwishoni mwa mwaka 1938, katika mali ya dola milioni 87 iliyokuwa kwenye vitabu, kama milioni 19 zilikuwa hewa. Musica alijipiga risasi nyumbani kwake Connecticut siku maofisa walipokuja kumchukua. Kampuni ya ukaguzi ilirudisha ada, zaidi ya dola 500,000.

Aliyeanza kuitilia shaka idara ile alikuwa mhazini wa kampuni, Julian Thompson, mtu wa ndani, aliyejiuliza maswali ya kawaida kuhusu mali ambayo faida yake haigeuki kuwa fedha taslimu.

Mwaka uliofuata, 1939, chama cha wahasibu wa Marekani kilibadili utaratibu. Tangu hapo mkaguzi anapaswa kuhudhuria wakati mali inapohesabiwa, na anapaswa kuwaandikia wadaiwa moja kwa moja kuuliza kama deni ni la kweli. Dada wa Barabara ya Nyerere, akikanyaga magunia kwa kisigino, alikuwa anatimiza sharti lililoachwa na Musica. Na jambo ambalo miaka 43 kabla yake mahakama ilisema si wajibu wa mkaguzi, sasa likawa kiini cha kazi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakaguzi wanaopenda kusema kwamba wananchi hawaelewi kazi yao. Mwaka 1993 mtafiti Brenda Porter, aliyefanya uchunguzi wake New Zealand, alilipasua pengo la matarajio vipande vitatu. Kama theluthi moja, asilimia 34, yalikuwa matarajio yasiyowezekana. Asilimia 16 yalikuwa makosa ya wakaguzi wasiofanya kile ambacho tayari walipaswa kukifanya. Nusu nzima iliyobaki yalikuwa mambo ambayo ni haki mtu kuyatarajia, ila kanuni za taaluma zilikuwa hazijawalazimisha. Kwa maneno mengine, mwananchi anayeuliza "kwani hamkwenda kuangalia?" mara nyingi anaisoma kanuni ya miaka ijayo.

Lakini kwenda kuangalia nako hakumalizi neno. Huko Bayonne, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tino De Angelis alikopa fedha nyingi kwa mafuta ya kula yaliyohifadhiwa kwenye matangi, kwa stakabadhi zilizotolewa na kampuni tanzu ya American Express, karibu na utaratibu ule tunaouita huku stakabadhi ghalani. Wakaguzi wa ghala walifika. Walipanda juu ya matangi, wakashusha kipimo, kikatoka kinachuruzika mafuta. Chini yake yalikuwa maji. Mafuta huelea. Katika baadhi ya matangi, chini ya tundu la kupimia palikuwa pameshikizwa bomba lililojazwa mafuta, ili kipimo kipite humo humo. Novemba 1963 mambo yalipolipuka, hasara ilizidi dola milioni 150. Wale jamaa walichoma bambo, tena kwa mikono yao. Ila aliyewachagulia mahali pa kuchomea alikuwa De Angelis.

Kwa hiyo ukiniuliza ninachowastahi wakaguzi wazuri, si hesabu, kwa kuwa hesabu yao ni ya darasa la saba. Ninawastahi kwa ukaidi wao wa kutokubali kuchaguliwa mahali, na ukaidi huo unaonekana hata kwenye bahasha. Barua ya kuiuliza benki salio la mteja huandikwa na kampuni inayokaguliwa, kwa kuwa ndiyo yenye akaunti, lakini mkaguzi ndiye anayeituma, na jibu linarudi kwake, halipiti mezani kwa mhasibu wa kampuni. Fundi wa zamani angekwambia alikuwa akiipeleka posta kwa miguu yake. Ni kautaratibu kadogo, kanachosha, kanaonekana ka kumtukana mteja. Juni 2020 kampuni ya malipo ya Ujerumani, Wirecard, ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizosemekana kuwekwa katika benki mbili za Ufilipino pengine hazikuwahi kuwapo. Benki zenyewe zilisema hati ni za kughushi. Kwa miaka hesabu zilikuwa zimepita. Ukimwuliza mtu wa kazi hii kilichotokea, haanzi na sheria. Anauliza: nani aliituma barua, na jibu lilirudi kwa nani?

Anayetaka mkaguzi awe mnusaji nyayo atasikitika na tarakimu za Chama cha Wachunguzi wa Udanganyifu, ACFE, ambacho hukusanya visa kutoka nchi nyingi. Katika taarifa yake ya mwaka 2024 asilimia 43 ya visa viligunduliwa kwa sababu mtu alinong'ona, na asilimia 3 tu kwa mkaguzi wa nje. Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Yenye daftari nayo hupotea, ila mara nyingi habari iko kwa mlinzi wa getini, na daftari linabaki kuithibitisha. Labda ndiyo sababu dada yule alikula chakula chake cha mchana pale pale kwenye mizani, pamoja na makuli, akiwasikiliza wakibishana Simba na Yanga, akiuliza mara moja moja, kama anayepitisha muda, magari ya usiku huwa yanakuja siku gani.

Saa moja usiku hesabu ilikamilika. Kadi ya stoo ilisema magunia 4,212. Waliohesabu walipata 4,210.

Mtunza stoo alivuta kiti. "Mwanangu, mawili kati ya elfu nne. Si umesema mwenyewe asubuhi mnaangalia makubwa?"

Alikuwa sahihi. Magunia mawili hayawezi kumpotosha mwenye hisa yeyote duniani, na wahasibu wanalo neno la heshima la kuyapuuza madogo. Aliyechoka angeandika tofauti, akapiga sahihi, akawahi daladala.

"Udogo nimeusamehe, mzee," alisema. "Ila sijajua ni nini. Yakiwa yamekosewa kuhesabiwa, tumemaliza. Yakiwa yametoka, nataka kujua yametokaje, maana mlango uliotoa mawili hauulizi idadi."

Wakarudia. Lundo la kwanza, la pili, lile la tatu lililovunjwa katikati na kupangwa upya. Walipekua kadi, hati za kutoa mzigo, daftari la mlinzi. Taa mbili za ghala zilikuwa hazifanyi kazi, wakamulika kwa simu. Mzee alikuwa ameanza kukunja uso kwa namna ambayo sikuipenda, uso wa mtu anayehesabu miaka yake kazini. Ilikuwa karibu saa tatu dada yule aliposimama mbele ya mizani, akawatazama makuli wanne waliokuwa wameketi pale pale walipokuwa wameketi asubuhi, na mchana, na jioni, vikombe vya chai mkononi.

"Kaka zangu," alisema, "naomba msimame kidogo."

Walisimama. Alichutama, akapangusa vumbi, akachoma bambo gunia la kwanza, kisha la pili, kila moja kwa chini, upande wa ukutani.